Wanunuzi Hewa

Nakuru, 19 Januari 2025

Dada Fancy,

Chamgei. Natumaini Nairobi haijakumaliza na kile kikohozi kimeisha. Mimi ni mzima. Mathe pia yuko sawa, nilikuwa nyumbani Keringet Jumapili iliyopita. Baridi inamsumbua magoti, lakini bado anagombana na ng'ombe vile unamjua, na anasema ukimpigia simu unaongea haraka kama mtu anayefukuzwa. Ndiyo maana nakuandikia barua na kuituma na dereva wa matatu. Mchana kazini simu zenu zinafungiwa kabatini, na jioni ukipokea unasinzia katikati ya sentensi.

Sasa sikiza. Nimepata kazi! Kuna jamaa anaitwa Lewis Kihara, ana ofisi hapa mjini, ghorofa ya tatu juu ya duka la mbegu. Tuko vijana wachache, kila mtu na skrini zake mbili. Tunanunua hisa asubuhi na tunaziuza kabla ya soko kufungwa mchana huohuo. Hakuna kulala na hisa. Lewis anasema nina vidole vya haraka kuliko wote. Miaka yote hiyo ya kutafuta kazi na digrii mkononi, kumbe kilichokuwa kinatafutwa ni vidole.

Na huwezi kujua nimepanga kwa nani. Madam Madhu aliyetufundisha hesabu! Mzee wake alifariki, mwanawe Gopal yuko Uingereza, kwa hivyo amebaki peke yake kwa ile nyumba ya Free Area, na mimi niko kwa kile kinyumba cha nyuma. Jioni watoto wa majirani wanajaa kwa veranda anawafundisha hesabu bure, ana ubao na chaki kama bado yuko shule. Aliniuliza, "Yule dada yako aliyekuwa anamaliza mtihani kabla ya wengine, halafu anakosea swali la mwisho kwa haraka, yuko wapi?" Nikamwambia uko kwa kampuni ya broka, unachunga wezi wa soko. Alicheka sana. Yeye mwenyewe ananunua hisa kidogo kidogo kwa simu yake. Anasema akili ya hesabu isipotumika inakauka.

Niandikie. Usiseme uko bize.

Nduguyo,
Kiprugut

*

Nairobi, 2 Februari 2025

Ndugu yangu Kiprugut,

Chamgei mising. Kikohozi kiliisha, asante. Mwambie mathe nitaongea polepole, na avae zile soksi nilizomnunulia badala ya kuziweka sandukuni zikingoja wageni.

Nimefurahi mpaka mwenzangu ofisini akaniuliza kama nimechumbiwa. Mungu akubariki kwa kazi yako. Lakini mimi si askari, usinipambe mbele ya Madam. Kazi yangu ni kutazama oda. Mtu anapoweka oda ya kununua au kuuza kwa njia isiyo ya kawaida, kompyuta inanitumia onyo. Ninafungua, ninatazama, halafu naamua kama ni kitu cha kupeleka mbele au nifunge faili. Mara nyingi si kitu. Mtu alikosea kuandika, au alibadilisha nia.

Hebu niambie hasa unafanya nini siku nzima. Na huyo Lewis anapitisha oda zake kwa broka gani? Nauliza tu kama dada.

Msalimie sana Madam Madhu. Mwambie bado nakosea swali la mwisho.

Dadako,
Fancy

*

Nakuru, 16 Machi 2025

Dada,

Chamgei. Habari za huko? Huku mvua imeanza kunusa, vumbi limepungua. Mimi niko poa, ila macho yanauma kwa sababu ya skrini. Mathe alivuta maji mpaka jikoni kwa ile pesa niliyotuma. Anafungua bomba na kufunga, anafungua na kufunga.

Uliuliza broka. Ni nyinyi! Oda zetu zote zinapita kwenu. Labda umeshaziona zikipita na hukujua ni za nduguyo.

Kazi yangu nakueleza. Tuseme Lewis ana hisa nyingi za kampuni fulani na anataka kuziuza kwa bei nzuri. Mimi naweka oda kubwa za kununua hisa hizohizo, chini kidogo ya bei ya soko, moja juu ya nyingine. Sisi tunaita kujenga ukuta. Kila mtu aliye na simu anaona foleni ya wanunuzi. Anajiambia, hii kitu inapanda, wacha niwahi. Ananunua kwa bei ya juu, na anayemuuzia ni Lewis. Lewis akimaliza kuuza, mimi nafuta ukuta wote kabla haujaguswa. Hapo ndipo vidole vinahitajika. Ukichelewa, mtu anakuuzia kweli na unabaki na mzigo.

Mara ya kwanza nilisikia vibaya kidogo. Nilimuuliza Lewis kama huku si kuwadanganya wanunuzi. Akasema, "Soko si kanisa, kijana. Nani amelazimishwa kununua?" Na kweli hatulazimishi mtu.

Nduguyo,
Kiprugut

*

Nairobi, 18 Machi 2025

Kiprugut,

Natumaini u mzima. Barua yako niliisoma mara mbili, halafu nikafunga mlango wa chumba changu ingawa niko peke yangu humu.

Unachofanya ni kosa, na mtu anashtakiwa kwalo. Wale ni wanunuzi hewa, kama wafanyikazi hewa wa serikali. Unamwonyesha mtu umati ambao haupo ili aukimbilie. Lewis anajua, ndiyo maana vidole ni vyako na si vyake.

Acha hiyo kazi. Sema mathe anaumwa, sema lolote, toka.

Na tayari umeniweka pabaya. Kwa sheria za kazi yangu, nikijua kitu kama hiki ninapaswa kukipeleka kwa bosi siku hiyohiyo. Leo nilikaa naye meza moja wakati wa chai na nikaongea kuhusu mvua. Usiniandikie tena habari za ofisi yenu. Niandikie habari za nyumbani tu.

Dadako,
Fancy

*

Nakuru, 6 Aprili 2025

Dada Fancy,

Salamu. Natumaini hasira imepungua. Sisi sote ni wazima.

Nitatoka. Nipe muda kidogo tu, mathe ameanza kupimwa magoti na daktari ametaja upasuaji. Wewe unajua mshahara wako unaishia wapi na mimi najua. Si wewe uliyesema mara nyingi si kitu?

Za nyumbani: ng'ombe mweupe amezaa.

Kiprugut

*

Nakuru, 13 Julai 2025

Dada,

Chamgei. Sijui kama utasoma hii, ni muda mrefu tangu tuandikiane na kosa ni langu. Mathe anaendelea vizuri, anatembea na fimbo mpaka kwa lango. Mimi sijambo mwilini.

Ulikataza habari za ofisi. Hii si ya ofisi, ni ya Madam Madhu. Sina mtu mwingine wa kumwambia.

Unaijua Subukia Pareto, ile kampuni ambayo wakulima wengi wa huku wana hisa zake. Mwezi wa tano Lewis alikuwa na mzigo mkubwa wa hisa hizo. Asubuhi moja nilijenga ukuta mrefu kuliko yote niliyowahi kujenga, halafu Lewis akasema tuuache hivyo uive, twende kula kwanza. Nilikuja nyumbani. Nilikuwa bado sijafungua mlango wangu nikasikia Madam akiniita kutoka veranda.

"Kiprugut, njoo uone. Hebu tazama hawa watu."

Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, miwani juu ya paji la uso. Aliniwekea ile skrini mbele ya macho. Dada, zile namba zote zilikuwa zangu. Niliziandika mimi asubuhi.

"Kila bei kuna foleni," akasema. "Nimepiga hesabu tangu soko lifunguliwe. Hawa si watu wa kubahatisha. Kuna mtu anajua kitu kuhusu pareto ambacho sisi hatujui." Alikuwa na furaha kama yule mwanafunzi wa kwanza kupata jibu. Halafu akanitazama. "Wewe ndiye mtaalamu siku hizi. Waonaje?"

Ningenyamaza, labda leo ningekuwa na la kujitetea. Sikunyamaza. Nilisema, "Inaonekana vizuri, Madam."

Akanunua. Hakununua kidogo kidogo vile alivyozoea. Nilirudi ofisini, Lewis akauza, na alipoinua kidole nikafuta ukuta. Bei ilianguka kabla ya soko kufungwa. Siku hiyo Lewis alitubeba wote mpaka Kikopey tule nyama. Mbavu, ugali, kachumbari, kila kitu. Nilikula, Fancy. Hata niliongezwa.

Nilidhani Madam atakasirika, atukane soko, yaishe. Hakutukana mtu. Anasema yeye ndiye aliyeona vibaya. Anasema alijumlisha namba ambazo hazikuwepo, na mtu anayeona namba ambazo hazipo hana haki ya kushika chaki mbele ya watoto wa watu. Watoto walikuja jioni, akawaambia warudi nyumbani, Madam amechoka. Walikuja tena, na tena, sasa hawaji. Amekwenda kwa daktari mjini kupimwa kumbukumbu. Daktari akasema hana shida. Yeye anasema daktari ni kijana mwenye adabu tu. Akipika anaonja chumvi mara tatu na kuniuliza kama ameshaitia.

Sasa amemwandikia Gopal. Gopal anakuja mwezi wa nane kuuza nyumba na kumpeleka Uingereza akakae naye. Madam hapendi Uingereza, wewe unamjua. Juzi alinipa sufuria zake za kupikia pilau, akasema huko hatazihitaji.

Mimi peke yangu ndiye ninayeweza kumwambia kwamba akili yake ni nzima. Kila asubuhi napita mbele ya veranda yake nikimwambia, "Umeamkaje, Madam?" na ninaenda zangu.

Nifanye nini?

Nduguyo,
Kiprugut

*

Nairobi, 15 Julai 2025

Ndugu yangu,

Nimeisoma. Pole sitakuambia, kwa sababu kuna jambo mimi pia sijakuambia.

Ile siku ya Subukia Pareto onyo lilikuja kwangu. Lilikuja kabla ya saa sita, ukuta ukiwa bado umesimama. Nilifungua, nikaona akaunti ya Nakuru, nikaona zile oda zimepangwa moja juu ya nyingine vile ulivyonieleza. Nilijua ni vidole vyako. Ningeinua simu ya mezani tu, akaunti ya Lewis ingesimamishwa hapohapo na Madam asingepata mtu wa kumuuzia.

Nilikaa nikilitazama. Niliwaza wewe na pingu. Niliwaza mathe na magoti yake. Halafu niliandika, "Mteja alikosea kuandika," nikafunga faili, nikaenda kula. Sikujua ni Madam aliye upande wa pili. Lakini nilijua kuna mtu. Kila siku kuna mtu. Hiyo ndiyo kazi yangu, kujua kuna mtu.

Umeuliza ufanye nini. Nenda umwambie, yote, na ulichomjibu pale veranda pia. Gopal hajafika bado. Mimi nina mlango wangu wa kubisha hapa, wa bosi. Usiniandikie mpaka uwe umeshaongea naye.

Dadako,
Fancy

*

Keringet, 10 Agosti 2025

Dada Fancy,

Chamgei. Mathe anakusalimia, yuko hapa nje anachambua maharagwe. Niko nyumbani. Nimeacha kazi kwa Lewis na nimehama Free Area. Nakueleza.

Nilichukua siku kadhaa baada ya barua yako. Kila nikikaribia mlango wake nageuka narudi kwangu. Mwishowe ni yeye aliyekuja, Jumamosi asubuhi, kuniuliza kama nataka kabati la vitabu. Nikamwambia, "Madam, siku ile hukukosea." Alidhani namfariji. Akasema, "Asante, mtoto wangu, lakini nilijiona mwenyewe." Nikasema, "Zile namba zilikuwepo. Mimi ndiye niliyeziweka, na mimi ndiye niliyeziondoa."

Halafu akaingia ndani akatoka na chaki, akasimama mbele ya ule ubao wa watoto. "Sema polepole," akasema. Nikasema, naye akaandika. Oda ya kwanza, ya pili, ya tatu. Lewis anauza. Mimi nafuta. Nilipofika hapo akazifuta moja moja kwa kiganja chake, akabaki na bei peke yake ubaoni.

"Kwa hivyo nilijumlisha sawasawa," akasema.

"Sawa kabisa, Madam."

Alicheka! Alicheka mpaka akashika nguzo. Alisema maneno fulani kwa lugha ya kwao, akapangusa macho kwa ncha ya sari. Nilianza kufurahi naye, kwa ujinga wangu. Halafu kicheko kikaisha na akageuka.

"Lakini nilikuuliza," akasema. "Wewe nilikuuliza."

Nikasema ndiyo.

"Na ulikuwa unaona nikipoteza akili, ukinisalimia kila asubuhi."

Nikasema ndiyo tena. Ningefanya nini? Hakupiga kelele. Aliniambia nihame, na kwamba kodi ya nyumba inayotoka mkono wa Lewis haitaki. Sufuria za pilau nilizirudisha mlangoni, akazipokea. Nilipokuwa nafunga mizigo, dirisha lake lilikuwa wazi, nikamsikia kwa simu akimwambia Gopal, "Usije kuuza nyumba. Mimi si mgonjwa. Nimedanganywa, na hayo ni mambo mawili tofauti."

Lewis nilimwambia siji tena. Alinipa mkono na kuniambia nisisahau ni nani aliyegusa kibodi.

Mathe bado hajui. Ananiuliza kwa nini nimerudi kulima viazi na nguo za ofisi.

Na wewe? Ulibisha?

Nduguyo,
Kiprugut

*

Keringet, 21 Septemba 2025

Dada,

Salamu nyingi. Mwezi umepita na hujajibu. Mathe anasema mlipoongea ulimwambia una mafua tu. Naomba iwe mafua.

Nilikuja Nairobi wiki jana na sikukutafuta. Nilienda kwa wale wakubwa wanaosimamia soko, nikaandikisha taarifa. Niliwaambia kuhusu Lewis, ukuta, Subukia Pareto, na mimi mwenyewe. Mama mmoja aliyekuwa ananihoji alikuwa mpole sana, hilo ndilo lilikuwa gumu. Wanasema wataniita tena, na nisitoke nchini, kana kwamba nina pahali pa kwenda.

Aliniuliza, "Kwa broka hakuna aliyeona?" Nikasema sijui. Aliuliza tena kwa njia nyingine, nikasema sijui mtu yeyote pale. Tuna majina tofauti ya ukoo, ya baba yangu na ya babako, kwa hivyo hakushtuka. Kwa hivyo uko salama. Kaa na kazi yako. Mathe anahitaji mmoja wetu awe na mshahara.

Hata ukikaa kimya nitaelewa.

Nduguyo,
Kiprugut

*

Nakuru, 5 Oktoba 2025

Ndugu yangu Kiprugut,

Chamgei mising. Sikuwa na mafua. Nilikuwa naogopa, na mtu mwenye woga huwa na shughuli nyingi sana za ofisi.

Barua yako ya mwisho ilinipumzisha. Nataka ujue hivyo. Nilipofika pale uliposema niko salama, nililala usingizi mzuri ambao sikuwa nimeupata tangu mwezi wa tano. Niliamka nimetulia kabisa, nikapika mayai, na nikiwa nakula nikajiona. Nilikuwa nimeshiba uongo wako.

Jumatatu nilienda kwa bosi nikafungua ile faili mbele yake. Nilimwambia oda zilikuwa za nani na nilijua tangu lini. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Fancy, hakuna aliyekuuliza. Kwa nini unaniambia leo?" Nilisema tu nimechelewa. Nimesimamishwa kazi. Wale wakubwa wataniita mimi pia, na nitawaambia wewe ni nani kwangu, kwa hivyo jiandae. Usinikasirikie kwa kuharibu ulichonifanyia.

Leo nimetoka kwa Madam Madhu. Watoto walikuwa wamejaa kwa veranda. Nilingoja kwa lango mpaka wakamaliza. Alinitambua mara moja. Hakunikaribisha kiti, nami sikutafuta. Nilimwambia kuhusu onyo, na jinsi nilivyofunga faili na kwenda kula. Alikuwa anafuta ubao na hakuacha kufuta. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu.

"Siku ile si mimi peke yangu niliyenunua, au?"

Nikasema hapana, Madam. Walikuwa wengi.

"Wako wapi?"

Nikasema sijui. Wengine Nakuru, wengine Molo, wengine pahali popote palipo na simu.

"Mimi nilikuwa na bahati," akasema. "Mwizi wangu alikuwa anaishi nyuma ya nyumba yangu. Hao wengine wamekaa mahali wanafikiri ni wajinga. Nani atawaambia?"

Nilisimama pale kama siku zile akiniita ubaoni. Hakunisaidia. Mwishowe aliingia ndani akafunga mlango, taratibu, vile anavyofunga siku zote.

Barua hii inakuja na matatu ya jioni hii, mimi nitafika Keringet kesho. Usimwambie mathe kabla sijaja. Tutakaa naye wote wawili, na nitaongea polepole.

Dadako,
Fancy